Impreza ya kazini na ya otokrosi: niiwekee klachi gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya 2003 iliyotoka Japani, gia tano. Nimebadilisha egzosi, na kompyuta ya injini imepangwa upya. Aliyeipanga anasema sasa ina farasi 300. Tatizo ni kwamba nikiwa gia ya nne au ya tano napanda kuelekea Ngaramtoni, nikikanyaga mafuta mizunguko inapanda lakini gari haliongezi mwendo. Jumatatu hadi Ijumaa gari hili ndilo linalonipeleka kazini Arusha mjini. Wikiendi nacheza otokrosi, zile mbio fupi za kupimwa muda, na nataka kuanza rali ndogo. Fundi wangu anasema niweke klachi ya vipande sita na presha pleti nzito kabisa, "nimalizane nayo". Rafiki yangu ananishauri ya diski mbili. Mashindano ni wiki tano zijazo. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba. Nikupe jibu kwanza, halafu nikueleze limetoka wapi. Kwa gari hilo na kazi hizo, chukua diski moja ya ogani (ya nyuzi na gundi) yenye springi katikati, pamoja na presha pleti, lile bamba linaloibana diski, yenye nguvu ya kubana iliyozidi ile ya kiwandani kwa robo hivi. Vipande sita, yaani diski yenye vipande vya metali badala ya uso mzima, sikushauri. Diski mbili utakuwa umetupa hela. Na kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha kwamba kinachokusumbua ni nguvu ya injini kweli, maana klachi huteleza kwa sababu nyingi, na nyingine haziondoki hata ukinunua klachi ya bei gani.

Anza na pedali. Lazima iwe na mchezo kidogo juu kabla haijaanza kusukuma. Ikiwa haina, au pampu ya juu haiachii mafuta yote yarudi, beringi ya kuachia klachi inabaki imeivuta springi ya presha pleti muda wote, na springi haibani kwa nguvu yake kamili. Hilo hurekebishwa bila kushusha giaboksi. Ikibidi kushusha, uwepo mwenyewe. Diski ikiwa imelowa mafuta, sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) au ile ya shafti ya giaboksi inavuja, na klachi mpya utakayoweka itateleza vilevile. Ikiwa imekwisha hadi ribiti zinaonekana, basi huenda ilikuwa imechoka tu. Gari limeshakuwa na umri mkubwa na hakuna anayejua hiyo ni klachi yake ya ngapi. Ikiwa kavu, bado nene, lakini uso umekuwa mweusi unaong'aa, hapo ndipo tunapozungumzia kuzidiwa.

Maelezo yako yanaelekea huko kwenye kuzidiwa. Kuteleza gia za juu peke yake ni dalili inayojulikana. Gia ya pili injini hupita haraka kwenye eneo lake la nguvu na turbo haipati muda wa kujaza. Gia ya nne mlimani injini imebebeshwa mzigo, turbo inajaza hadi mwisho, na torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, inafika kileleni na kukaa hapo sekunde kadhaa.

Sasa hizo farasi 300. Kwa kuchagua klachi hazinisaidii sana, kwa sababu klachi inabeba torki. Farasi 300 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika ni torki ya nyutoni mita 350 hivi, na wengi hununua klachi kwa hesabu hiyo. Lakini injini ya turbo haina torki yake kubwa kwenye 6,000. WRX yako ilipotoka kiwandani ilikuwa na farasi 250 kwenye 6,000, na ukipiga hesabu ile ile unapata kama 293. Kilele chake halisi kilikuwa 334, tena kwenye mizunguko 3,600 tu. Tofauti ni asilimia 14. Ukiongeza asilimia hiyo kwenye 350 yako unafika 400, na kwa kuwa wanaopanga kompyuta hupenda turbo iamke mapema ili mteja aisikie, mimi ningehesabu 420. Mwombe aliyeipanga akupe mchoro wa torki, na umuulize kama namba zake ni za kwenye injini au za kwenye magurudumu. Za magurudumu huwa ndogo, hasa kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na klachi imekaa upande wa injini kabla ya huo upotevu.

Kuna jambo moja watu wa Arusha hulisahau. Mko kwenye mwinuko wa mita kama 1,400, hewa ni nyepesi, na gari likishuka Tanga au Bagamoyo injini inapata hewa nzito na torki inaongezeka. Turbo hupunguza tofauti hiyo, haiifuti. Klachi inayoshika kwa shida Njiro itateleza pwani. Kwa hiyo juu ya 420 tuweke akiba ya robo, tupate 525.

Hesabu ya klachi yenyewe si ngumu. Torki inayoweza kubebwa ni nguvu ya kubana, mara kiwango cha msuguano wa diski, mara wastani wa nusu kipenyo cha eneo linalosuguana, mara idadi ya nyuso. Diski moja ina nyuso mbili. Tuseme diski yako ina kipenyo cha milimita 230 kwa nje na 150 kwa ndani: wastani wa nusu kipenyo ni milimita 95. Diski ya ogani, ile ya nyuzi na gundi inayofunika uso mzima, nitaipa msuguano wa 0.3. Ili ibebe 525 inataka kubanwa kwa nyutoni 9,200, sawa na uzito wa kilo 940 hivi. Ukifanya hesabu hiyo hiyo kwa torki ya kiwandani, 334 na akiba yake ya robo, unapata nyutoni 7,300. Hapo ndipo ilipotoka ile robo niliyotaja mwanzoni.

Sasa tupime ushauri wa fundi wako. Vile vipande sita hutengenezwa kwa unga wa shaba na metali nyingine uliogandamizwa kwa joto kali, na msuguano wake tuuweke 0.4, ingawa baadhi hupita hapo. Kwa msuguano huo, nyutoni 6,900 zinatosha kubeba 525. Yaani vipande sita na presha pleti ya kawaida kabisa vingekutosha. Ukiviwekea na presha pleti nzito ya nyutoni 9,200, unapata klachi ya kubeba karibu nyutoni mita 700. Injini yako ina 420. Hizo 280 zilizozidi ni za nani?

Ni za giaboksi. Watu hudhani giaboksi inapokea torki ya injini tu. Ukiwa unaendesha kawaida ni kweli. Lakini ukipandisha mizunguko hadi 5,000 pale kwenye mstari wa kuanzia kisha ukaachia pedali ghafla, flaiwili (lile gurudumu zito ambalo diski inabanwa juu yake) na krenki zilizokuwa zinazunguka zinasimamishwa kwa nguvu, na zinamwaga nishati yao yote kwa mkupuo. Torki inayopita wakati huo haina mpaka isipokuwa mmoja: kiasi ambacho klachi inaweza kubeba kabla haijateleza. Klachi ya 525 itateleza ikifika 525. Klachi ya 700 itapitisha 700 kwenye meno ya gia ya kwanza. Kwa gari la aina yako klachi ndiyo fyuzi, na fundi wako anataka kuweka fyuzi kubwa kuliko waya.

Na waya wenyewe, tuseme ukweli, ni mwembamba. Giaboksi ya Subaru ya gia tano, ile ya magari ya turbo ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, inajulikana kwa kuvunja meno, gia ya tatu hasa. Ndiyo maana STI, zile Impreza kali zaidi, za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipewa giaboksi nyingine kabisa ya gia sita, nzito na nene, yenye klachi ya milimita 240. Kwenye otokrosi ya vumbi na moramu mambo si mabaya, kwa sababu matairi yanateleza na ule mshtuko unaishia kwenye changarawe. Kwenye lami kavu, matairi manne yameshika, hakuna gurudumu litakaloteleza. Hapo ama klachi itoe moshi ama gia itoe meno. Mimi naomba klachi ndiyo iungue: ni kazi ya siku moja kuibadilisha.

Najua fundi wako atakujibu kwamba klachi ya ogani itaungua kwenye mashindano. Hoja yake ina uzito, tuipime pia kwa namba. Unapoondoka huku injini ikiwa imeshikiliwa kwenye mzunguko mmoja, joto linaloingia kwenye klachi ni sawa na nishati ya mwendo ambayo gari limeipata hadi klachi inaposhika kabisa. Gari la kilo 1,400, ukiondoka na mizunguko 5,000, klachi inashika ukiwa kwenye kilomita 40 kwa saa hivi: kilojuli 86. Ukiondoka nyumbani asubuhi kwa mizunguko 1,500, inashika kwenye kilomita 12 kwa saa, na joto halifiki kilojuli 8. Kuondoka mara moja kwa mbio kunachoma klachi sawa na kuondoka kistaarabu mara 11, tena kwa kipindi kifupi sana.

Lakini angalia kinachofuata. Joto linapanda kwa mraba wa mizunguko. Ukishusha kutoka 5,000 hadi 3,500, joto linapungua hadi nusu, kilojuli 42. Kwenye vumbi huna unachopoteza kwa 3,500, maana kule juu matairi yangekuwa yanachimba tu. Tena otokrosi unaondoka mara moja kwa kila mzunguko wa mashindano, kisha unarudi kwenye foleni kusubiri wenzako, na klachi inapoa. Rali ni hivyo hivyo, kuondoka mara moja kila hatua ya mbio. Anayehitaji vipande vya metali ni yule wa mbio za kuondoka na kusimama kwenye lami, au mwenye torki ambayo ogani haiwezi kuibeba bila pedali kuwa adhabu ya mguu. Wewe bado hujafika huko.

Vipande sita vina adha nyingine ambayo utakutana nayo Jumatatu asubuhi. Diski ya kawaida ina vibati vyenye mkunjo kati ya nyuso zake mbili. Vinakandamizwa kidogo kidogo na ndivyo vinavyokupa zile sentimita za pedali ambazo klachi inashika polepole. Diski nyingi za vipande hazina, au zina kidogo. Inashika au haishiki. Foleni ya Sakina saa moja na nusu asubuhi, gari linadunda kila ukisogea, na ukijaribu kulainisha kwa kuongeza mafuta na kuachia pedali taratibu, unakula uso wa flaiwili. Wapo wanaozoea. Wake zao hawazoei, na nimeshaona magari yakiuzwa kwa sababu hiyo.

Kuna wa tatu ambaye hakutajwa kwenye barua yako lakini muuza duka atamtaja: diski ya kevla. Inashika kwa ulaini kuliko zote na hudumu miaka mingi kwenye barabara. Tatizo lake ni moto. Ogani ikipata moto itanuka, itateleza, na mara nyingi ukiiacha ipoe inarudi kushika, ingawa umeshaipunguzia maisha. Kevla ikishapata moto wa kweli, uso wake unakuwa laini na unabaki hivyo. Kwa mtu anayecheza otokrosi, hapana.

Ya diski mbili inaongeza nyuso kutoka mbili hadi nne, kwa hiyo inabeba torki mara mbili kwa nguvu ile ile ya kubana. Ni teknolojia nzuri kwa magari ya torki kubwa mno. Kwako ingeleta kelele za vyuma ukiwa umesimama, bei ya juu sana, na ule ule ugonjwa wa fyuzi kubwa.

Unapokwenda kununua, usisikilize neno "steji". Steji ya kwanza, ya pili, ya tatu: hakuna chombo kinachopanga maana yake, kila kiwanda kina yake. Kwa Exedy, kwa mfano, steji ya kwanza ni ogani na ya pili ni ya vipande vya metali, kwa hiyo kupanda steji moja ni kubadilisha aina nzima ya klachi. ACT wa Marekani wanapanga kwa namna ninayoipenda zaidi: unachagua presha pleti kivyake na diski kivyake, na ile seti yao ya presha pleti nzito pamoja na diski ya barabarani yenye springi ndiyo aina ninayokuelezea hapa. Muulize muuzaji mambo matatu: inabeba nyutoni mita ngapi kwenye injini, diski ni ya nini, na nguvu ya kubana imezidi ya kiwandani kwa kiasi gani. Akikosa majibu, ondoka. Na diski iwe na springi katikati. Diski kavu isiyo na springi, hata ikiwa ya ogani, inapeleka kila mtetemo wa injini moja kwa moja kwenye hayo meno tuliyoyazungumzia.

Klachi used sinunui, hata ikija na maneno matamu kwamba imetoka Japani juzi. Mlango used, taa used, hata injini used nitanunua nikiikagua. Lakini diski iliyowahi kupata moto huwezi kuitambua kwa macho kila mara. Bidhaa bandia nazo zipo nyingi, Kariakoo ya Dar na Kirinyaga Road ya Nairobi vilevile. Nenda na klachi yako ya zamani mkononi: linganisha kipenyo, idadi ya meno ya katikati, na kimo cha presha pleti. Muhimu kuliko yote, WRX ya gia tano ya mwaka wako ina klachi ya kuvuta, ambapo beringi imenasa kwenye springi na inaivuta kuelekea giaboksi. Kuanzia matoleo ya 2006 ya gia tano walihamia kwenye ya kusukuma. Seti hizo haziingiliani. Na kwa kuwa magari mengi hapa yameshabadilishwa giaboksi bila mwenye gari kujua, usitegemee kadi ya gari, tegemea kilichotoka chini yake.

Flaiwili iache ya kawaida. Ile nyepesi ya mbio inafanya injini ipande na kushuka haraka, raha kweli kwenye rali, lakini inazima ovyo kwenye foleni, na inafanya gia ziimbe ukiwa umesimama. Isipokuwa ukikuta gari lako lina flaiwili ya vipande viwili vyenye springi ndani, kama baadhi ya Subaru za miaka hiyo: hiyo ikianza kulegea badilisha na ya kipande kimoja. Yoyote iliyomo, ipelekwe kwa mkereza vyuma isawazishwe. Ikiwa na nyufa, au madoa ya buluu ambayo kukereza hakuyaondoi, weka nyingine. Diski mpya juu ya uso uliopinda itadunda siku ya kwanza, na utailaumu diski.

Giaboksi ikiwa chini, badilisha vyote vilivyo karibu: beringi ya kuachia na ile ndogo ya katikati ya flaiwili, za asili ya Kijapani, sili ya nyuma ya krenki, sili ya shafti ya giaboksi, na ukague uma wa klachi na mahali unapoegemea, kwa sababu presha pleti yenye nguvu zaidi inausumbua zaidi. Mafuta ya pampu weka mapya, DOT 4, na hewa yote itolewe. Ukitoka hapo, kwenye taa toa gia na uachie pedali. Ukikaa umeikanyaga, unaivuta krenki upande mmoja muda wote, na zile beringi nyembamba zinazoizuia isisogee mbele na nyuma ndizo zinazolipa. Kwa presha pleti nzito zinalipa haraka zaidi. Usiwashe gari ukiwa umekanyaga klachi hadi chini asubuhi injini ikiwa kavu, kama gari lako linakuruhusu kuwasha bila kufanya hivyo.

Kabla ya kufunga, muulize msimamizi wa ufundi wa klabu yako kama daraja unalotaka kuingia linaruhusu klachi isiyo ya kiwandani. Ni simu ya dakika tano.

Kuhusu wiki tano: zinatosha, lakini kwa shida. Ogani inataka kilomita 800 hivi za mjini, kuondoka na kusimama kwa upole, ndipo nyuso zake zikae sawa na flaiwili. Safari ndefu ya Arusha hadi Dar haihesabiki sana, maana gia haibadilishwi. Ukifunga wiki hii, inakubidi upate kilomita 160 kila wiki ndani ya mji, bila kuijaribu nguvu mlimani Ngaramtoni hata siku moja. Ukichelewa kupata seti na ukajikuta umebakiwa na wiki moja, funga klachi mpya ya kiwango cha kiwandani kama ipo, mwambie aliyepanga kompyuta akushushie presha ya turbo kwa siku hiyo, na ushindane hivyo hivyo.